Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Tabitha mwanangu,

Salamu naziacha. Bado tunakula chungu kimoja, na kukuuliza hali wakati asubuhi hii nimekusuka nywele ni kujifanya mgeni. Umekwenda mjini na Baba Ambokile kuulizia basi la kesho la kwenda Iringa. Mvua imeanza, kwa hiyo mtakawia, na mimi nimepata nafasi. Mdogo wako Ipyana amelala mgongoni kwangu, naandika nimesimama, daftari liko juu ya kinu. Ukiona mstari umepanda ukashuka kama njia ya kwenda mtoni, ujue ni yeye kajigeuza.

Habari za sabuni, za blanketi, za kutolala na nguo mbichi, hizo nimekwambia mpaka umenichoka. Sizirudii. Ninayo habari nyingine, nayo kinywa changu kimeshindwa kuitoa tangu juzi.

Juzi tulikuwa tunachambua maharage, wewe na mimi. Bibi alipita akauliza kama sanduku lako limepatikana, ukamjibu vizuri, kwa heshima. Alipotoka ukasema bila kuniangalia, "Nikiondoka mtagawana sawa." Ukaendelea kuchambua. Mimi nikasema, "Angalia hayo mawe yasibaki." Hilo ndilo jibu nililokupa. Mtoto anasema neno kama lile, mama yake anazungumza habari za mawe kwenye maharage.

Nilikuelewa, Tabitha. Nilijua neno lile umelitoa wapi. Umelitoa kwenye matofali.

Wewe ulikuwepo siku ile, lakini nataka uisome kwa mkono wangu, ujue kwamba na mimi naikumbuka yote, hata pale ambapo ningependa nisahau.

Kilikuwa kiangazi, na tanuru la matofali ya shule lilikuwa limepoa kule bondeni. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyapandisha mlimani kwa vichwa. Huku kwetu kazi ya kanisa haivunjwi na uvivu, inavunjwa na neno moja tu: "Fulani kabeba machache." Kwa hiyo Fundi Yeremia akasema, kabla halijapanda hata moja, yote yahesabiwe, yagawanywe mafungu yaliyo sawasawa, asiwepo wa kununa. Akauliza nani anaweza hesabu ndefu. Wanaume wakatazamana. Nikanyoosha mkono, mimi niliyeishia darasa la tatu. Kwetu, karibu na Kalenga, mwalimu wetu alikuwa mkali wa kugawanya, na kile kidogo nilichopata kwake sikukiacha kipotee. Wewe mwenyewe nilikufundisha kwa maharage kabla hujaenda shule.

Tulihesabu siku mbili. Mimi upande wa juu wa tanuru, wewe upande wa chini, kila mia mstari mmoja wa mkaa kwenye ubao. Tukajumlisha. Elfu thelathini na thelathini na moja.

"Haya, Mama Tabitha," Fundi akasema, "gawa kwa mbili. Wanaume na wanawake."

Nikachora chini kwa kijiti. "Linabaki moja."

"Gawa kwa tatu. Vitongoji vyetu vitatu."

"Linabaki moja."

"Tano?"

"Moja."

Watu wakaanza kusogea. Mtu akapiga kelele, "Saba!" Nikachora, wakaningoja, likabaki moja. "Kumi na moja, kama wazee wa kanisa!" Moja. "Kumi na tatu, kila ukoo na fungu lake!" Moja. Fundi akashika kiuno akacheka, "Wewe Mhehe, tofali hilo umelilisha nini mbona haling'oki?" Na mimi, kwa jasho na kwa kutazamwa na watu wengi, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Namba hii haigawanyiki. Ni kaidi." Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Wote waliamini, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kijiti.

Hapo ndipo Bibi, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza juu chini, akasema, "Hata nyumbani kwangu hesabu iko hivyo hivyo. Toa moja, waliobaki wanakaa sawa."

Hakumtazama mtu. Lakini nani hakujua? Niliingia nyumba ile nawe mgongoni, na Ambokile na Ipyana walizaliwa hapo hapo. Wachache wakacheka. Wewe ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono yako myekundu ya vumbi la matofali.

Na mimi nikacheka.

Nimejaribu kujitetea moyoni kwamba kilikuwa kicheko kidogo, cha mkamwana mbele ya mama mkwe. Nimejaribu kusema nilikuwa nimechoka, maana miaka mingi katika nyumba ile nilikuwa napima kila neno, nani kakasirika, nani hajala, na siku ile walinisifu na sikutaka sifa ikatike. Yote hayo ni kweli. Lakini nilicheka, na wewe uliniona meno.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nikachukua tofali moja la juu nikalitupa kwenye majani. "Haya, sasa!" nikasema. Ikabaki elfu thelathini na thelathini, nayo ikagawanyika kwa kila kitu walichotaja: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kina mama wakapiga vigelegele. Fundi akaweka mafungu kumi na matatu, kila fungu elfu mbili mia tatu na kumi, na kazi ikaanza kwa wimbo. Jioni yote watu walinipongeza njiani. Sifa ile niliila, mwanangu, na ilikuwa tamu.

Wewe ulirudi nyuma peke yako ukaliokota lile tofali. Ukalileta nyumbani kichwani, ukaliweka karibu na mafiga, ukalifanya kiti chako. Baba Ambokile akauliza mara moja, "Hili la nini?" ukasema, "La kukalia." Mimi nikakoroga ugali.

Baada ya siku mbili tatu nikaanza kuona mkaa ukutani, nyuma ya mlango wa jiko. Tarakimu ndogo ndogo, zimesimama kama siafu. Nilidhani ni kazi ya shule. Mpaka siku uliyonifuata nikipepeta mahindi.

"Mama, inagawanyika."

"Nini?"

"Ile yenye moja."

"Ile tulikwisha kuimaliza."

"Wewe uliishia kumi na tatu."

Hukusema kwa ukali. Ungesema kwa ukali ningejua pa kushika, ningekukemea. Ulisema kama mtu anayemwambia mwenzake mlango haujafungwa.

"Baada ya kumi na tatu kuna nini?" nikakuuliza.

"Kumi na saba, yanabaki tisa. Kumi na tisa, yanabaki kumi na moja. Ishirini na tatu, yanabaki kumi na sita. Ishirini na tisa, kumi na sita tena, nikadhani nimekosea nikarudia, ikawa ni kweli. Nikaendelea hivyo hivyo. Halafu hamsini na tisa." Ukaokota punje ya mahindi iliyoanguka. "Hamsini na tisa hakibaki kitu, Mama. Kila fungu mia tano na tisa."

"Ishirini na moja je? Ishirini na tano? Umeruka."

"Umenifundisha mwenyewe na maharage. Ikikataa tatu, imekataa na ishirini na moja. Ikikataa tano, imekataa na ishirini na tano. Nimejaribu zile zisizotoka kwa wengine tu."

Ukanieleza na lile jambo la moja, kwa nini lilikuwa linabaki moja kila mara. Ukizidisha mbili kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, unapata elfu thelathini na thelathini kamili. Kwa hiyo ukiongeza moja juu yake, wale sita wote wataikataa, na wote wataikataa kwa namna moja. "Haikuwa kaidi," ulisema. "Ilikuwa haijakutana na wake."

Nikauliza swali ambalo lilinitoka bila kufikiri. "Na kama hamsini na tisa nayo ingekataa? Ungekwenda mpaka lini, mpaka elfu thelathini?"

"Hapana. Mpaka mia moja sabini na tatu."

"Kwa nini hapo?"

Ukachuchumaa, ukapanga mahindi chini. Mafungu yakiwa machache, kila fungu ni kubwa. Mafungu yakiongezeka, kila fungu linapungua. Viwili hivyo vinafuatana, kimoja kinapanda, kingine kinashuka, mpaka vinapokutana, na kwa namba ile vinakutana baada tu ya mia moja sabini na tatu. Ukipita hapo unakutana na yale yale, yamegeuzwa tu. "Ukifika hapo hujapata, basi," ulisema. "Unajua haipo. Unaweza kukaa."

Nikakuambia, "Vizuri. Kachote maji."

Ukachukua ndoo ukaenda. Sikumwambia Fundi, sikumwambia mtu. Mafungu yalikwisha kupanda, watu walikwisha kunisifu, na maneno ya Bibi yalikuwa yamelala, nikaogopa kuyaamsha. Lakini ule "unaweza kukaa" haukuniacha. Nilikwenda nao kwenye viazi, nikarudi nao.

Kuna jambo hujawahi kuniuliza, na mimi nimeshukuru hujauliza, na nimeona pia aibu kushukuru. Baba yako aliondoka kwetu kwenda Chunya kutafuta dhahabu wewe ukiwa hujazaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Alisema atarudi mvua za kwanza. Ulipoanza kukaa mwenyewe bila kuanguka nilikufunga mgongoni nikamfuata. Lori mpaka Mbeya, halafu miguu. Nilifika, nikauliza kambi hadi kambi. Mmoja anasema alikuwa hapa, mwingine anasema yule alikwenda zake na wenzake, mwingine anataka kujua nitalala wapi. Nikarudi Mbeya sina kitu, na watu wa kanisa wakanipokea, na Baba Ambokile akaniona hapo.

Kumtafuta hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba sikuacha. Niliolewa na mtu mwema asiye na maneno mengi, na bado kila nikishuka sokoni nilikuwa natazama nyuso za wanaume wanaotoka upande wa Chunya. Mwaka hadi mwaka. Ambokile kazaliwa, bado natazama. Mume wangu alijua. Mtu anajua kama mwenzake ameketi kweli au ameketi upande. Mama yake naye alijua, na nadhani ukali wake wote kwako ulianzia hapo: alikuwa akikutazama wewe anaona kwamba mke wa mwanawe bado yuko njiani. Simpi haki. Nakueleza tu ulipotoka moshi.

Hakuna aliyekuwa amenionyesha kwamba kutafuta kuna pa kuishia. Mtoto wangu mwenyewe ndiye aliyenionyesha, kwa punje za mahindi. Tangu kiangazi kile nikishuka sokoni natazama vitunguu.

Unaona basi nilivyo. Mahali pa kuacha sikuacha, na mahali pa kuendelea nikaishia kumi na tatu, kwa sababu watu walikuwa wanangoja na jua lilikuwa kali. Ukiniuliza maisha yangu yamekuwaje, ni hayo. Nina miaka thelathini na mgongo unaniuma kama wa bibi kizee, na uchovu huu siwezi kusema ni wa jembe peke yake.

Barua ya kukubaliwa kwako ilipokuja, Bibi alifurahi kuliko sisi wote, na nikaona furaha yake inakutia shaka. Ndiyo sababu ya lile neno la juzi. Unadhani unatolewa, kama nilivyotoa tofali, ili hesabu ya nyumba ikae. Na mimi, niliyekucheka mbele ya watu, nitakuambiaje sivyo, uniamini? Maneno yangu ya jikoni hayana uzito wa kicheko cha bondeni. Nilicheka mbele ya watu. Ilibidi na haya niyaseme mbele ya watu.

Kwa hiyo leo mlipopinda tu ile kona ya miti, nikalichukua tofali lako pale kwenye mafiga. Nisamehe, sikukuuliza. Nikaliweka kichwani, Ipyana mgongoni, nikapanda shuleni.

Fundi Yeremia alikuwa anamalizia kupiga lipu ndani. Kina mama walikuwa wanakanyaga udongo, Bibi akiwa kati yao, sketi imefungwa magotini. Nikamwamkia. Nikatua tofali. Nikasema, "Fundi, ile namba ya tanuru inagawanyika."

"Namba gani tena, Mama Tabitha?"

"Elfu thelathini na thelathini na moja. Kwa hamsini na tisa."

Akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye ubao wa lipu. Akakosea, akafuta kwa kidole, akaandika tena. Kina mama wakaacha kukanyaga.

"Mia tano na tisa," akasema. "Hakibaki kitu. Mama weee! Kumbe ulitudanganya!"

"Niliwadanganya. Nilichoka kugawa, nikasema haigawanyiki."

"Sasa nani ameigawa? Mchungaji?"

"Tabitha," nikasema. "Mwanangu wa kwanza."

Bibi akainua uso. "Huyo anayekwenda kesho?"

"Huyo huyo, mama. Wala haendi kwa kuwa amezidi. Anakwenda kwa kuwa alifika hamsini na tisa, na sisi wakubwa wote tuliishia kumi na tatu. Siku ile mliposema habari ya kutoa moja, nilicheka. Sikupaswa kucheka. Naomba wote walionisikia nikicheka wasikie na hili."

Mmoja wa kina mama akasema polepole, "Eee." Bibi akasema, "Mhehe, leo umepata mdomo," akainama akaendelea kukanyaga. Fundi alikohoa. Akauliza kama nimepanda mlima mzima na mtoto mgongoni kwa ajili ya habari hiyo tu, na tofali hili je?

Nikamwambia ni lile lililobaki. Nataka liingie ukutani.

"Ukuta umekwisha, dada yangu. Nitaliweka wapi, kichwani kwangu?" Wakacheka, na mimi nikacheka, na kicheko hicho sikukionea haya. Kisha akakumbuka. Wanapojenga juu wanachomeka miti ukutani ya kusimamia, na miti ikitolewa inaacha matundu, nayo huzibwa mwisho. Mengi yalikwisha kuzibwa. Limebaki moja, nje, chini ya dirisha la pili upande wa bondeni. Akasema, "Ziba mwenyewe. Wewe si ndiye ulilitupa?"

Nikachota udongo kwenye karai. Ulikuwa umekauka, unabomoka mkononi. Nilikuwa nahangaika nao pale chini ya dirisha ndipo nikaona mikono inanipita begani na donge la udongo mbichi, mlaini, uliokanyagwa vizuri. "Huo umekufa," Bibi akasema. "Shika huu." Akaenda zake. Sijui maana yake nini, na sitaki kukudanganya kwamba najua. Nimekuandikia alichosema na alichofanya, ukakigawe mwenyewe huko.

Tofali liliingia. Lilitaka kugongwa kidogo kwa ngumi, lakini liliingia.

Mwanangu, shule ile unayoiendea iko upande wa kwetu. Utasikia watu wakiamkiana "kamwene" na utakumbuka ninavyokuamsha. Usiwatafute ndugu za baba yako kwa sababu yangu. Ukitaka kwa sababu yako, tafuta, ila jua mapema mia moja sabini na tatu yako iko wapi, na ukifika ukae. Na atakayekuambia jambo halifai, halikufai, au wewe hulifai, muulize tu kwa adabu yeye aliishia ngapi. Hata kama ni mwalimu. Hata kama ni mimi.

Sitasema usilie kwenye basi. Mimi nitalia, nimekwisha kupanga, nitakapokuwa nachota maji, maana huko hakuna wa kuniuliza.

Barua hii naiweka chini ya blanketi sandukuni, utaikuta ukifika. Mvua imepungua, na naona Ipyana ameamka anavuta kitambaa changu. Tuliporudi kutoka shuleni, kabla hajalala, alipoona pale kwenye mafiga pamekuwa wazi alipapasa chini kwa mkono, akanitazama, akasema, "Taba?" Nitapaacha wazi hivyo hivyo mpaka likizo, nisiweke jiwe wala kigoda.

Ukija likizo, kabla hujafika nyumbani pita shuleni kwanza. Upande wa bondeni, dirisha la pili, chini. Fundi alitaka nigeuze upande msafi ndio uonekane. Nimekataa. Nimeuacha utazame nje ule wenye masizi ya jiko letu.

Ni mimi mama yako.